Mbao Iliyobaki Kenton

Wasikilizaji wapendwa, nyinyi mlio jikoni, nyinyi mlio kwenye basi na waya masikioni, na nyinyi mliorudi sasa hivi kutoka shifti ya usiku na sare za kazi bado mwilini, habari za asubuhi. Karibuni tukae.

Leo tunamkumbuka Gurmit Singh. Gurmit Singh wa Kenton, hapa London, fundi seremala, mwenye duka la misumari na mbao, mwigizaji wa Tamasha la Mkeka. Alifariki mwezi wa tatu, nyumbani kwake, usingizini. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Na leo pia nina tangazo la hilo Tamasha la Mkeka, tamasha letu dogo la maigizo ya Kiswahili linalofanyika kule Walthamstow. Hapa studio waliniambia niyatenge mambo haya mawili. Kumbukumbu kwanza, halafu muziki, halafu tangazo. Nimekataa. Hayatengani, na mtaona kwa nini.

Katika tangazo hilo kuna sentensi moja. Mjane wa marehemu, Mama Surjit, amekaa Kenton karibu na redio akiisubiri. Nisipoisoma kama alivyoitaka, jukwaa la mwaka huu litakuwa na tundu. Sisemi kwa mafumbo, wasikilizaji. Tundu kweli, la mguu kuzama.

Tuanze nyuma kidogo. Gurmit alizaliwa Makindu, Ukambani, nchini Kenya. Narudia, Makindu. Baba yake alikuwa seremala wa reli. Gurmit alikua akiongea Kipunjabi na mama yake, Kikamba na wenzake wa kucheza, Kiswahili na dunia yote iliyobaki. Mwaka wa 1968 aliondoka, kijana wa miaka kumi na tisa, katika ule msafara wa Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Hapa London alioka mikate kiwandani, akaendesha basi, akaweka milango ya watu. Mwishowe akafungua duka lake Kenton. Akamwoa Surjit, mzaliwa wa Kisumu. Wakapata binti mmoja, Gurpreet, ambaye Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza. Watoto wetu wa hapa mnawajua.

Sasa, huyu bwana aliingiaje kwenye maigizo? Aliingia kupitia mbao.

Miaka tisa iliyopita dada mmoja nesi, Mwende, alianzisha Tamasha la Mkeka. Hakuna serikali nyuma yake, hakuna tajiri. Kulikuwa na ukumbi wa kanisa karibu na lile soko refu la Walthamstow, na ukumbi haukuwa na jukwaa. Mwende akaenda Kenton kununua mbao.

Gurmit akamuuliza, "Hizi mbao zinafanya kazi gani?"

"Za jukwaa, mzee."

"Watu watasimama tu ama wataruka?"

"Wakifurahi wataruka."

"Basi weka hizo chini. Hizo ni za rafu. Utaua watu, na mimi ndiye watasema niliuza."

Alikwenda Walthamstow mwenyewe, akapiga misumari mwenyewe. Siku ya onyesho, mtu aliyepangwa kuigiza mwenye duka alishikwa na kazi. Mwende akatazama huku, akatazama kule, akamwona mzee wa Kihindi mwenye kilemba, nyundo mkononi. Akamwambia, "Mzee Singh, si ungetusaidia? Ni kuuza sukari tu."

Aliuza hiyo sukari mpaka watu wakashika mbavu. Na hapo ndipo alipojifunga. Mwaka uliofuata alipewa kuuza leso. Mwaka mwingine akauza mafuta ya taa. Mwaka mwingine tena mchezo ulihusu mtu anayeuza duka lenyewe, na mnajua aliyepewa ni nani.

Mama Surjit ameniambia, "Alikuwa anarudi hapa, anavua viatu, anauliza, Surjit, mimi nimewahi kuuza sukari? Hata kwako nimewahi kukuuzia sukari?"

Akamwendea Mwende. Akamwambia, "Mwende, baba yangu hakuwa na duka. Alikuwa seremala. Mimi ni mtoto wa Makindu, na sasa ni mzee. Nipe mzee."

Mwende akasema, "Mzee wa Kikamba mwenye kilemba? Watu watacheka."

"Wacheke. Wakimaliza, nitaanza."

Mwende hakukubali. Si mtu mbaya, wasikilizaji, anisamehe nikisema. Aliogopa ukumbi wake. Mwaka huo Gurmit alijenga jukwaa kama kawaida, safi, limenyooka, lakini katikati aliacha tundu. Mbao moja haipo. Mwende akauliza, "Hii mbao iko wapi?" Gurmit akajibu, "Hiyo ni yangu. Nitakuja nayo siku nitakayopewa kazi ya heshima."

Waigizaji walifanya mazoezi wakiruka lile tundu. Jotham, yule mlezi wa wazee anayetoka Vihiga, aliingia mguu mzima. Akapiga kelele kutoka mle ndani, "Mwende, mpe huyu Kalasinga anachotaka, tutakwisha."

Akapewa, akaja na mbao yake. Nafasi yenyewe ilikuwa ya msemaji wa upande wa bwana harusi. Mnajua ule mkutano, wazee wa mwanamume wanapokwenda kwa wazee wa mwanamke kusema habari ya mahari. Kazi hiyo hapewi mtu mwepesi wa mdomo. Anapewa mtu anayeweza kutukanwa akatabasamu.

Mimi nilikuwepo usiku huo. Gurmit akatoka na kilemba chake, koti la rangi ya udongo, fimbo. Watu wakacheka kweli. Naye akasubiri. Akasimama juu ya mbao yake, akasubiri mpaka wamalize. Halafu akaanza.

"Wazee wenzangu, tumekuja na mbuzi. Wako nje."

Kwenye mstari wa pili alikuwa ameketi Mzee Douglas, Mkamba wa Machakos, dereva mstaafu, ambaye hajawahi kwenda mkutano wa mahari akanyamaza. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa amelipa kiti chake kama sisi wengine. Nadhani alisahau yuko wapi. Akainuka.

"Nje wapi? Walthamstow hii mbuzi wamesimama wapi?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mwende pembeni alishika kichwa. Gurmit hakutazama mswada, hakumtazama Mwende. Alimtazama Mzee Douglas.

"Mzee wangu, wewe kwenu mgeni huingiza mbuzi ndani kabla hajapewa maji?"

"Maji mtapewa. Lakini mbuzi mmoja anachechemea. Nimemwona."

"Anachechemea kwa sababu ametembea. Ungetembea wewe kutoka Makindu, ungefika umelala."

"Makindu kwa nani?"

"Makindu kwetu."

Mzee Douglas alibaki amesimama, anafikiri. Aliulizwa baadaye alikuwa anafikiri nini, akasema alikuwa anatafuta kasoro nyingine kwa yule mbuzi. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliye sebuleni kwake, "Haya. Kama ni Makindu, ketini. Nyinyi ni watu wetu."

Akaketi. Gurmit naye akaketi, pale jukwaani, mahali ambapo mswada haukusema aketi. Mchezo wenyewe haukurudi tena kwenye mstari usiku ule, na hakuna aliyeulilia.

Tena haikuishia ukumbini. Mwaka uliofuata mjukuu wa Mzee Douglas alichumbia. Ukweni ni kulekule Walthamstow. Mzee Douglas akampigia Gurmit simu. "Singh, vaa lile koti." Walipofika, wenye binti wakauliza, huyu ni nani wenu? Mzee Douglas akajibu, "Huyu ndiye mdomo wetu." Waliongea mpaka chai ikapoa mara mbili. Wakafaulu. Hao vijana sasa wana mtoto.

Gurmit aliniambia siku moja dukani kwake, huku anapanga bawaba, kwamba tangu aondoke Makindu alikuwa akiulizwa anatoka wapi, akijibu, na watu wakingoja ajibu tena. Yule Mzee Douglas aliuliza mara moja tu. Ndivyo alivyosema, akaendelea kupanga bawaba zake.

Wasikilizaji wapendwa, Gurmit Singh alifariki mwezi wa tatu. Siku ya mazishi gurdwara yao, nyumba yao ya ibada, ilijaa, chini tumeketi sote, Masingasinga, Wakamba, Waluhya, Waswahili. Mzee Douglas, kitambaa kichwani, alikula dengu na chapati akaomba nyingine. Akamwambia Mama Surjit, "Shemeji, nimebaki bila mdomo." Mama akasema, "Wewe? Wewe huwezi kukosa mdomo." Wakacheka wakilia.

Sasa tufike kwenye tangazo.

Mwezi uliopita Mwende aliandika tangazo la tamasha la mwaka huu. Aliandika kwa mapenzi, najua. Akaenda Kenton na vijana wa kubeba, kuchukua mbao za jukwaa, maana zinalala katika gereji ya marehemu, akamsomea mjane. Lilisema hivi: Tunatafuta mzee wa Kihindi atakayeigiza mwenye duka, kwa heshima ya marehemu Mzee Gurmit.

Mama Surjit alizima jiko. Akaweka birika mezani. Halafu akasema, "Kumbe hata amekufa mnamrudisha dukani."

Mwende akaikunja karatasi yake. Akatoka na vijana, wakapakia mbao garini. Kufika mwisho, moja hakuna.

"Mama Gurpreet, imebaki mbao moja."

"Najua. Iko chini ya kitanda changu."

"Mama, watu wataanguka."

"Jotham anajua njia ya kutoka. Kwa hivyo wewe andika."

"Niandike nini?"

"Andika kile alichokuwa anakuambia. Kwenye tangazo, kila mtu aone. Halafu nisikie redioni kwa masikio yangu. Karatasi hubadilishwa."

Gurpreet alikuwa mlangoni. Akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake angecheka sana. Mama yake akamwambia, "Mimi sicheki." Na kweli hakuwa anacheka.

Wiki iliyopita Mwende aliniletea tangazo jipya. Nitalisoma. Lakini kwanza niseme haya, maana likisomwa nitakuwa nimemaliza.

Kwa Mama Surjit, kwa Gurpreet na mumewe, na kwa jamaa wote wa marehemu hapa Kenton na kule Makindu, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Poleni sana. Aliyeondoka ni wenu kwanza, halafu ni wetu.

Na kwenu wasikilizaji, nina ombi moja. Mtazame mtu mmoja unayemjua kwa kazi yake tu. Yule anayekuuzia kadi ya simu. Yule anayemwosha mama yako. Umemzoea miaka mingi, na kila mara umempa sukari auze. Leo muulize baba yake alikuwa nani. Ukishauliza, nyamaza, sikiliza.

Tangazo. Tamasha la Mkeka litafanyika wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi, ukumbi uleule wa Walthamstow, karibu na soko. Narudia, wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi, Walthamstow. Tunapokea michezo mipya, mifupi, isiyozidi nusu saa. Kiswahili chochote, cha Unguja, cha Mombasa, cha Nairobi, cha Bukavu. Aliyewahi kuandika na asiyewahi, wote walete, mwisho wa mwezi wa nane. Kama kuandika kunakushinda, rekodi kwa sauti kwenye simu, utume. Hili nimelipenda, maana mimi mwenyewe shule niliisoma vipandevipande nikifanya kazi melini, bandari hii na bandari ile.

Kuna mafunzo ya kujenga jukwaa, kila Jumamosi kuanzia mwezi wa tisa. Mwalimu ni Gurpreet, binti wa marehemu, aliyeshika nyundo akiwa hafiki mezani. Usiogope kama hujawahi kukata mbao. Atakufundisha kwa Kiingereza, mjibuni kwa Kiswahili, tuone nani atachoka.

Wanatakiwa waigizaji. Nafasi zilizopo ni bibi wa nyumba, mchungaji, mzee wa ukoo, nesi, na mwenye duka. Ya mwenye duka Jotham ameshaiomba, anasema anataka kukaa mahali pasipo na tundu. Bado haijatolewa, nendeni mshindane naye.

Na sasa sentensi yenyewe. Naisoma kama ilivyoandikwa.

"Katika Tamasha la Mkeka hakuna mtu atakayepewa nafasi kwa sababu ya sura yake, wala kunyimwa, kila nafasi iko wazi kwa kila anayekuja, na ukumbi ukicheka, atasubiri wamalize, halafu ataanza."

Narudia, ili kusiwe na wa kusema hakusikia. Kila nafasi iko wazi kwa kila anayekuja, na ukumbi ukicheka, atasubiri wamalize, halafu ataanza.

Mama Gurpreet, nimeisoma, na nimeirudia. Mwende yuko nje mlangoni pako sasa hivi, na pale alipoegesha gari hapaegeshwi. Mpe mbao.