Kidonda cha Sikio la Kaka Yetu, Fundi wa Mapaa

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa kumfuata, kumsimulia kaka yetu, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1962, wa pili kati ya watoto watano, akamaliza shule ya msingi mwaka 1977, akajifunza useremala chuoni, na kuanzia 1981 akawa fundi wa kuezeka, jua la utosi, kofia hataki.

Tarehe 4 Mei 1986 alimwoa shemeji yetu huyu, wakajaliwa mabinti wawili, na mume wa mkubwa akawa fundi mwenzake.

Mwaka 2017 aliota kipele kigumu juu ya sikio la kushoto, kikafanya gamba, likibanduka damu inatoka, yeye akisema ni bati limemkwaruza, shemeji akibadilisha foronya kimyakimya, hadi uvumilivu ukamwisha: "Baba watoto, mkwaruzo gani huu usiopona?"

Daktari wa kwanza alidhani ni kidonda cha kulalia upande mmoja, akampa dawa ya kupaka, akamwambia arudi kisipopona, naye hakurudi. Shemeji akamkokota kwa daktari wa ngozi, aliyekikagua kwa lenzi yenye taa, akampapasa shingo na chini ya taya, akakata kinyama kikapimwe, na tulipokuwa tukingoja majibu hakuna aliyethubutu kutamka neno sikio nyumbani mle.

Ilikuwa saratani. Kaka akauliza, "Mkilikata nitasikia?"

"Utasikia vizuri tu," daktari akajibu, "ila miwani itakosa pa kushika."

Akacheka, kisha akalia.

Alipasuliwa tarehe 12 Februari 2018, akarudi kazini na kofia pana, hapandi mtu ngazi kabla hajamkagua masikio, wakamtania wakimwita Bwana Afya, mpaka alipoona doa kwenye sikio la mkwe wake, akamzuia: "Hupandi. Hospitali kwanza." Ilikuwa saratani ileile, ndiyo kwanza inaanza, ikaondolewa yote.

Ya kwake ilirudi mwaka 2022, uvimbe chini ya taya, akachomwa mionzi, lakini tarehe 3 Agosti mwaka huu, saa nne asubuhi, alituaga.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na ninyi mafundi, ambao aliwaagiza akiwa kitandani, "Ile nyumba tuliyoiacha bila paa, anzeni upande unaopigwa na mvua," nanyi jana mkaimaliza, ndipo mkaja kuchimba kaburi.

Kaka, mvua haitaingia. Pumzika kwa amani.