Mzee Joto na Chupa za Mkewe

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo, mketi nami. Leo tunamkumbuka fundi wa maabara aliyezikwa Jumanne. Wenzake walimwita Mzee Joto. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, alikuwa ameshalifikia kabati la joto na kusoma kipimo chake. Nyuzi thelathini na saba. Joto la mwili wa mtu.

Ndani ya kabati hilo mlikuwa na chupa bapa. Ndani ya chupa, seli za saratani ya tumbo. Nazo zilitoka kwa mkewe. Narudia taratibu, mtu asinipotee: zilitoka kwa mkewe mwenyewe.

Mama huyo alikuwa mshonaji, na mdomo wake haukukosa mzaha. Kabla ya upasuaji daktari alimwomba kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti. "Chukua chote, daktari, usinibakizie," akasema, akatia sahihi. Miezi mitano baadaye alifariki.

Seli kama hizo nyingi hufa zikishatoka mwilini. Hizi zilishika chini ya chupa, zikaongezeka. Mzee Joto akazilisha maji mekundu, ndiyo chakula chake. Yakigeuka manjano, anajua zina njaa. Iwe sikukuu, iwe mvua, alikwenda.

Binti yake hakuweza kuvumilia. "Baba, unakilisha kilichomuua mama."

"Ndiyo, mwanangu. Nataka nijue kinaogopa nini. Dawa zijaribiwe humu kwanza, si kwa mama wa mtu."

Binti aliondoka, chai akaiacha mezani. Miaka ikapita hajakanyaga maabara.

Sasa sikilizeni kosa lake. Mafundi wa kazi hii huweka akiba. Seli kidogo hutiwa kwenye vichupa na kulazwa kwenye baridi kali kuliko barafu, zikakaa humo miaka. Mzee Joto hakuweka.

"Kaka, weka akiba," mwenzake wa meza ya pili alimwambia.

"Kesho, dada."

"Kesho yako ina miaka minane sasa."

"Yule alikuwa akilala na soksi mbili mbili. Nitamtiaje kwenye baridi ile?"

Wakacheka. Kisha kila mmoja akarudi mezani pake.

Mwaka wa kumi na moja ukungu uliingia kabatini, ukungu kama ule wa mkate uliosahauliwa. Chupa kumi na nne zote zikachafuka. Alizimwagia dawa ya kuua, moja moja, kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa kwenye stuli, koti bado mwilini.

Yule mwenzake akamsogelea. "Nilikuibia, kaka. Miaka miwili iliyopita. Vichupa viwili, viko kwenye baridi."

"Mwizi wewe," akasema Mzee Joto, na machozi yakamshinda.

Seli za kichupa cha kwanza hazikuamka. Za cha pili walizingojea siku tano. Siku ya sita akampigia binti yake. "Zimeshika. Njoo uone."

Safari hii binti alikuja. Ametusimulia mwenyewe: "Niliinamia hadubini muda mrefu. Nikamwambia, baba, hazifanani na mama hata kidogo. Akasema, najua. Nimeangalia miaka kumi na moja, hazifanani. Halafu akaniuliza kama nakumbuka mama alivyokuwa akicheka. Nikamwigizia. Akasema, hebu tena. Nikarudia. Tulikaa pale mpaka walipokuja kufunga milango."

Tunampa pole binti huyo, na wajukuu. Tunampa pole na dada wa meza ya pili, ambaye tangu Jumanne ndiye anayelifungua kabati lile. Mungu awape nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala leo, mtajeni kwa sauti mliyempoteza. Huenda aliye chumba cha pili anamtafuta huyo huyo, na anaona haya kuanza.