Fundi Jean-Berchmans na Moshi wa Lori Namba Tatu

Tarehe 31 Desemba 1968, Fundi Jean-Berchmans anaweka chini spana zake baada ya miaka ishirini na miwili katika garaji ya ushirika wetu wa pamba hapa Uvira. Wenzangu wameniomba mimi, Gaspard, dereva wa lori namba tatu, niandike wasifu wake. Nilikubali, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Alianza mwaka 1946 akiosha vyuma kwa petroli. Uhuru ulipokuja na mafundi Wazungu wakaondoka, kazi yote ilimwangukia yeye. Lori likiletwa kwa kosa la kula mafuta ya injini, hakukimbilia kulifungua. Kwanza alitandika gunia safi chini yake, aone kama linavuja. Kisha alitazama moshi. Ukiwa wa buluu wakati wa kupanda mlima, pete za pistoni zimekwisha. Ukitoka baada ya kuteremka, kasoro iko kwenye vali. Tulimtania kwamba anajua harufu ya malori kuliko ya mchuzi wa mkewe, na Mama Libérate hakukanusha.

Mwaka 1964 uasi ulipowaka bondeni, mafuta ya injini yakawa adimu. Madereva tukazoea kuyajaza kupita alama ya kijiti cha kupimia, eti akiba, maana hakuna aliyejua kama Luvungi, njiani kwenda Bukavu, tungepata hata tone. Fundi alitukataza, akisema yakizidi injini huyachoma, hutoa moshi na kuishiwa nguvu. Mimi niliitikia, kisha nikafanya nilivyotaka.

Wakati huohuo mke wangu Sidonie alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Tukaondoka naye kwa lori langu kumtafuta daktari Bukavu, Fundi akitusindikiza. Kwa woga nilikuwa nimeongeza lita tatu za mafuta kwenye injini kwa siri. Kabla ya Luvungi moshi wa buluu ulitufunika, lori likaishiwa nguvu. Sidonie aliyekuwa akilia akanyamaza, nikajua ninampoteza.

Fundi alichomoa kijiti kwenye injini, akaona mafuta yamepita alama, akanitazama.

"Motere haina woga, Gaspard. Ni weye uko nao."

Akaingia chini ya lori, akalegeza boliti ya kumwagia mafuta. Yalikuwa ya moto, yakamuunguza mkono wa kushoto, lakini hakuondoka hadi yaliposhuka kwenye alama. Tulifika. Binti yetu Concilie sasa ana miaka minne.

Ofisi iliuliza kwa nini lori lilionekana likifuka vile barabarani. Fundi akaandikiwa barua ya onyo kwa matengenezo mabovu, na cheo cha mkuu wa garaji kikampita. Hakunitaja. Nami nilinyamaza, nikiogopa kufukuzwa na mtoto mchanga mikononi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha na nikazaa, mwenzangu ndiye aliyeadhibiwa. Nimeona aibu kila asubuhi aliponisalimu.

Fundi, asante kwa malori uliyoyaponya na kwa watu wawili walio nyumbani kwangu. Uende kijijini kwako Katogota kwa amani, mihogo yako istawi, na Mungu akupe uzee mwema pamoja na Mama Libérate.

Bwana Mkurugenzi, barua ile bado iko kwenye faili lake. Naomba ifutwe leo, kabla hajatia saini ya mwisho. Mpya iandikwe kwa jina langu; nitaipokea mbele ya wote.