Monika Songoro na Mafaili ya Wakili Champsi

Baba Padri, ndugu, jamaa, majirani wa Mbweni na nyote mliofika: mimi ni Klementi, mdogo wake marehemu. Kazi ya kuandika wasifu huu aliniachia mwenyewe, pamoja na masharti mawili. Wanaomjua hawatashangaa.

Marehemu Monika Mabruki Songoro alizaliwa hapa Mbweni tarehe 9 Juni 1971, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mabruki Songoro, fundi viatu, na Bi Edita. Alibatizwa mwezi Agosti mwaka huo huo.

Alisoma shule ya msingi Kiembesamaki, akamaliza sekondari mjini mwaka 1989, na mwaka 1994 akapata cheti cha ukutubi huko Bagamoyo. Alipokuwa na miaka kumi aliandika majina kwenye makopo yote ya jikoni kwetu. Siku moja mama alikosa kopo tupu, akatia chumvi kwenye lile la sukari. Padri wa wakati ule alipotutembelea, Monika akamkorogea chai ya chumvi. Mama akafoka, "We Monika, huna ulimi?" Naye akajibu, "Si kopo limeandikwa sukari!" Tulimcheka kwa jambo hilo miaka mingi, pengine kupita kiasi.

Tarehe 17 Disemba 1998 alifunga ndoa na Bwana Fransis Borafya, fundi umeme wa Kikwajuni. Walijaliwa watoto wawili, Basili na Agripina. Shemeji yetu alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2015, na tangu hapo Monika aliwalea watoto peke yake.

Kazi aliyoifanya hadi mwisho aliianza mwaka 2012, Shangani, kwenye hifadhi ya hati za marehemu wakili Champsi, inayosimamiwa na mjukuu wake, Bi Kinjal. Wakili yule aliwaandikia watu wa kisiwa hiki mikataba ya nyumba na mashamba kwa miaka arobaini, na kila mkataba aliuwekea nakala. Masika ya mwaka 2016 paa la stoo liliporomoka, karatasi zikaoza. Bahati zilikuwa zimeshapigwa skani. Basi yakabaki mafaili ndani ya kompyuta, kila moja na namba yake tu. Kazi ya Monika ilikuwa kupachika ndani ya kila faili maelezo ya hati yenyewe: ni hati ya nini, ya nani, ya mwaka gani na ya mahali gani, ili kompyuta iyasome na kuipata hati mtu akija kuitafuta. Alikuwa akituambia kwamba faili laweza kunakiliwa na kupelekwa hata ng'ambo, lakini kilichoandikwa ndani kinakwenda nalo.

Sasa nalisema kosa lake, maana hilo ndilo sharti la kwanza. Mwezi Novemba 2017 alijaza mafaili kumi kwa mkono, kisha akaipa kompyuta amri ijaze yaliyobaki kutoka kwenye orodha aliyoiandaa. Amri aliikosea. Kompyuta haikusoma orodha. Ilichukua maelezo ya faili la kumi, mkataba wa kukodi duka Malindi wa mwaka 1938, ikayapachika ndani ya mafaili 3,412. Monika alikagua yale kumi ya mwanzo, akayakuta sawa, akafunga kazi. Alikuwa mjane mwenye watoto shuleni na alikuwa amechoka. Alinikataza kuandika kwamba alichoka. Nimeandika.

Tarehe 14 Machi 2019 alifika Bi Tabia Ubwa kutoka Bububu. Alikuwa na kesi ya nyumba aliyoachiwa na babake, na mahakama ilitaka mkataba wa ununuzi. Monika akatafuta Ubwa, akatafuta Bububu. Kompyuta ikajibu hakuna. Akamwambia, "Haipo, Bi Tabia." Mama yule akashindwa kesi. Nyumba ilivunjwa mwezi Septemba, naye akahamia Uroa, kwenye chumba cha uani kwa mpwa wake.

Kosa liligunduliwa Januari 2023, mtafiti mmoja alipolalamika kwamba kila faili alilofungua lilijiita duka la Malindi. Wakati huo Monika alikuwa ameshaambiwa kwamba figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu hospitali. Siku nyingine alipanda ngazi za Shangani kwa kupumzika kila baada ya hatua chache, akafungua faili moja moja, akasoma hati nzima, akaandika upya. Tuligombana sana. Nilimwambia orodha ipo, airekebishe ile amri, mafaili yote yajazwe kwa siku moja. Akaniuliza, "Na atakayezisoma hati zenyewe nani, Klementi?" Nilikasirika, na hadi leo nimekasirika, kwa sababu siku zile zilikuwa zetu sisi na wanawe.

Tarehe 6 Februari 2024 alifika kwenye faili namba 2,207. Ilikuwa hati ya Ubwa. Kesho yake nilimpeleka Uroa na nakala mkononi. Bi Tabia macho yake hayaoni vizuri tena, hivyo Monika alimsomea: jina la babake, mwaka 1951, na mpaka wa mashariki, njia ya zamani ya reli.

"Hii mlikuwa nayo?" Bi Tabia akauliza.

"Tulikuwa nayo."

"Siku ile nlokuja?"

"Siku ile ile, Bi Tabia. Kosa langu."

Yule mama akaikunja karatasi, akaiweka chini ya mto. "Haya. Nendeni, nshachoka."

Monika alifariki dunia nyumbani kwake hapa Mbweni, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi. Mafaili 618 hakuyafikia. Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja na ndugu wanne.

Katika misiba yetu, hapa ndipo familia huomba kwamba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe. Sharti lake la pili ni kwamba nisiombe. Alisema, "Bi Tabia akija, ukamwomba mbele za watu, atanisamehe kwa kuona haya. Usimfanyie hivyo." Basi siombi. Nasoma tu alichokipachika ndani ya faili namba 2,207, chini ya jina la hati na mwaka wake, mahali ambapo kila kompyuta itakayolifungua itakisoma:

"Hati hii ilikuwapo tarehe 14 Machi 2019, Bi Tabia Ubwa alipokuja kuiuliza. Mimi, Monika Songoro, nilimwambia haipo. Nyumba ilikuwa yake."

Pumzika, dada yangu. Mungu akupe amani uliyokataa tukuombee.