Sifuri kwa Mpishi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Neville Trembath. Neville Trembath, dereva wa kreni katika kiwanda cha chuma hapa Newcastle, amefariki akiwa na miaka sitini na saba. Mbele yangu nina karatasi iliyoletwa studio na kaka yake, Graeme. Imeandikwa: "Hakuoa. Alipenda televisheni. Ameacha mama, kaka, dada na rafiki." Chini yake kuna ombi kwamba nisome hivyo hivyo, nisiongeze neno.

Basi nimeisoma. Sasa naongeza.

Huyo rafiki ana jina. Anaitwa Lefteris Koukoulas, mwenye duka la samaki na chipsi kule Hamilton. Lefteris ni mume wa Neville. Waliishi pamoja miaka thelathini na mmoja, na cheti cha ndoa kimetundikwa ukutani juu ya friji la samaki. Kwa aliyefungua redio sasa hivi, narudia: Lefteris Koukoulas, mume wake.

Kwamba alipenda televisheni ni kweli. Lakini kwanza televisheni ilimtesa.

Mwaka 1972 Neville ana miaka kumi na mitano. Kila Jumatano jioni familia nzima inakaa sebuleni kutazama kichekesho kimoja cha televisheni kuhusu duka. Humo alikuwamo muuza vitambaa aitwaye Bwana Tulip. Anatembea kwa kunyumbuka, mikono inaning'inia, na kila akiguswa na mwanamume anapiga kelele, "Jamani, kucha zangu!" Nchi nzima ilicheka. Aliyemwigiza alikuwa na mke na watoto watatu, akapewa na tuzo.

Baba yao akamwonyeshea kidole Bwana Tulip kwenye kioo. "Mwanangu, huyo ndiye shoga. Ukimwona wa hivyo, kimbia."

Dada yake, Maureen, ameniambia hivi: "Neville alikuwa anacheka kutuzidi sote. Anacheka huku kaubana mto kifuani. Mimi nilidhani anafurahi. Kumbe mwenzetu anajificha, na sisi tumekaa naye kochi moja!"

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kijana yule hakuwa na mtu mwingine wa kujilinganisha naye. Kijijini kwao hakuna, shuleni hakuna, kanisani ndiyo usiseme. Alikuwa na Bwana Tulip tu. Basi akafanya kinyume cha Bwana Tulip. Akatia mikono mfukoni, na wasikilizaji, mikono ile ilikaa mfukoni miaka ishirini na mmoja.

Kreni aliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Kule juu kuna kibanda, kibanda kina mlango, na hakuna anayeona mikono yako inavyokwenda. Alikuwa akiimba humo peke yake, nyimbo za wanawake, kwa sauti kubwa. Lakini asubuhi, kabla hajaanza kunyanyua chuma, simu ya kibanda inalia. Wenzake chini wamejipanga:

"Neville, eh! Jamani, kucha zangu!"

"Shikeni kazi nyie," anawajibu, anacheka.

Kila asubuhi. Kichekesho chenyewe kilishafungwa zamani, wao bado. Hawakujua lolote kuhusu Neville. Mzaha huo walimfanyia kila mtu, lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka ya themanini maradhi ya ukimwi yalipoingia, televisheni ikabadili wimbo. Wanaume kama sisi hatukuwa tena watu wa kuchekesha, tukawa maiti. Nasema sisi kwa sababu nami nimo. Ukiwasha kioo unakuta mawili: ama unachekwa, ama unazikwa. Nani alituuliza?

Sasa njoo mwaka 1993, Jumapili jioni, mwezi wa tano. Neville amekwenda Hamilton kununua samaki. Duka limefungwa, lakini juu kuna makelele. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamume mnene kavaa pazia jekundu begani.

"Tumefunga, ndugu yangu. Huku juu Ulaya nzima inaimba. Panda! Ila usiniambie nani kashinda."

"Nani kashinda nini?"

"Aa, huyu kweli hajui," Lefteris akawaambia waliokuwa ngazini. "Mleteni, mleteni."

Yalikuwa mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Mnayajua. Enzi zile huku kwetu, upande wa pili wa dunia, yalionyeshwa yakiwa yameshakwisha, kwa hiyo sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: Jumapili hiyo hakuna gazeti, hakuna redio, hakuna kupokea simu mpaka wimbo wa mwisho. Kila mtu ana kadi yake ya alama, sifuri mpaka kumi na mbili. Unapigia nchi, unapigia nguo, na mwisho unampigia mpishi.

Kinyozi alikuwapo, mwalimu wa hesabu alikuwapo, na dereva wa basi aliyeshonea mapambo ya kumetameta kwenye sare yake. Neville akakaa pembeni, mikono mfukoni. Alitazama kioo, akatazama watu. Wanaume kumi na wawili wanacheka, na hakuna anayechekwa. Wimbo wa nne ukaisha, watu wakashangilia. Lefteris anakumbuka vizuri: "Nikamwona anapiga makofi. Mikono juu kabisa, hivi! Nikasema huyu harudi kwao leo."

Hakurudi.

Alama aliyompa mpishi usiku ule ilikuwa sifuri. Lefteris anakaanga samaki siku sita za wiki, hakuna hata mmoja anayeungua. Siku ya mashindano anaunguza kila kitu, kwa kuwa haangalii kikaango, anaangalia televisheni. Sifuri mwaka huo, sifuri mwaka uliofuata. Kadi zote wameziweka kwenye bati la biskuti.

Mimi nilimjua Neville kwa kosa langu. Nilikuwa nasoma habari hapa hapa, Jumapili mchana, nikataja mshindi. Sikuwaza. Dakika mbili baadaye simu ikalia.

"Wewe bwana, umetuulia Jumapili!"

"Nani mwenzangu?"

"Mtu aliyekaa mwaka mzima anasubiri! Tuliwasha redio tujue kama mvua itanyesha tu. Lefteris kaangusha trei zima la ngisi. Njoo uoshe vyombo, maana umeshatuharibia."

Nikaenda, nikaosha. Nimeosha kila mwaka tangu hapo. Mashindano yalipoanza kuonyeshwa papo hapo, alfajiri kwa saa zetu, chakula cha jioni kikawa kifungua kinywa, na Lefteris akahamia kuunguza mayai. Mwaka 2017 nchi nzima ilipopigishwa kura kwa posta kama watu kama wao wanastahili kuoana, Neville alishinda wiki nzima akiitazama bahasha bila kuifungua. "Mama wa dukani anaulizwa habari za kitanda changu," alisema. "Na mimi siulizwi za kwake." Mwaka uliofuata wakaoana, na mkate ukaungua.

Mei iliyopita mapafu ya Neville yalikuwa yamekwisha. Alitazama kutoka kitandani hospitalini, bomba puani, kadi mkononi. Lefteris akaleta mayai kwenye bakuli. Neville akayaonja, akaandika. Sifuri.

"Nilifurahi mno," Lefteris ananiambia. "Angenipa kumi na mbili, ningejua kakata tamaa."

Alifariki baada ya siku kumi na nne. Lefteris hakuwa na nguvu ya kuvutana na ndugu wa Neville, na mama yao ana miaka tisini na mmoja, basi Lefteris akasema waache wazike wao. Kanisani wakamkalisha safu ya nne. Graeme akasimama kumwaga sifa za kaka yake. Akasema Neville alikuwa mtu wa utani. Kisha, wasikilizaji wapendwa, mbele ya jeneza, akaning'iniza mkono akasema, "Jamani, kucha zangu!"

Kanisa likacheka.

Nilikuwa nimekaa karibu na Lefteris. Niliiona mikono yake ikiingia mfukoni. Mpaka leo damu inanichemka.

Nje, mama yake Neville alimfuata Lefteris kwa mkongojo wake, akamshika kiwiko. "Wewe ndiye uliyekuwa unampikia mwanangu?"

"Nilikuwa namuunguzia, Mama."

"Alinenepa," mama akasema. "Ahsante." Kisha akamvuta mkono mmoja utoke mfukoni, akatembea nao mpaka kwenye gari.

Wasikilizaji wapendwa, kabla hujacheka jioni ya leo, tazama uliyekaa naye kochi moja. Mtazame vizuri. Ameubana mto?

Pole kwa Mama Beryl. Pole kwa Maureen. Graeme, pole nawe, msiba ni wako pia, na karatasi yako njoo uichukue mapokezi. Siku nilipotaja jina nisilotakiwa kulitaja, Neville alinipigia simu baada ya dakika mbili. Leo ningenyamazia jina linalotakiwa kutajwa, asingeweza kupiga. Ndiyo maana nalitaja mara ya mwisho, taratibu, kila nyumba isikie. Pole, Lefteris Koukoulas, mgane wa Neville Trembath. Mei nakuja kuosha vyombo. Unguza mayai.