Klachi ya Akala

Ndani ya basi la kutoka Kitale, kiti cha mbele yangu, mwanaume wa Mabanga alikuwa akimweleza mama wa kando yake vile alivyojitengenezea klachi ya pikipiki jikoni. Alikata viatu vya akala vya bibi yake, akabandika vipande kwa sahani za klachi.

"Akala ni taili, mama. Taili inashika."

"Na imeshika?"

"Sana. Sasa haiachilii. Nikisimama inazima, na kuiwasha ni kusukumwa na watu wanne. Kwa hivyo sisimami."

"Na bibi anapandaje?"

"Anakimbia, anaruka nyuma."

"Bila viatu?"

"Si viatu viko kwa klachi. Jumapili tunapeleka mtoto kubatizwa."

"Na mtoto atarushwa na nani?"

"Nyanya yake yuko, bana."

Basi likasimama Mabanga, akashuka. Wazazi wenzangu wa Mabanga, Jumapili fungieni watoto ndani.