Rubani wa Mbao

Kwenye gari la kushuka kutoka Kinole, dada mmoja mwenye kapu la iliki alikuwa akimsimulia kaka wa kiti cha jirani tamthilia ya wanasesere aliyoitazama utotoni, kwenye kibanda cha video pale Bigwa.

"Rubani wa mbao akaenda na chombo chake hadi kwenye jua, akafa. Nililia, nikagoma kula. Hadi leo wanangu wakiweka katuni, ikikaribia mwisho natoka nje."

"Nani alikwambia alikufa?"

"Mtafsiri."

Yule kaka akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Kibanda cha mzee Abeid? Dada yangu, yule mzee akisikia adhana ya magharibi anazima jenereta. Ili watoto msigome kutoka, mtafsiri anasema, 'Wote wamekufa, nendeni nyumbani.' Sisi wa Mzinga tuliitazama yote. Rubani alirudi."

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilikuwa nimeinamia simu, lakini nilishaacha kuisoma.

"Unanifariji tu, kaka."

"Wallahi alirudi! Aliungua nywele tu."

"Zile za katani?"

"Hizo hizo."

Dada akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Miaka thelathini namwonea huruma mtu wa kuvutwa kwa kamba kichwani!"

"Kamba hazikuonekana."

"Zilionekana!"

Wakabishana hivyo hadi Bigwa, gari likasimama. Dada akashuka na kapu lake, uso umemkunjuka. "Zilionekana! Na leo sitoki nje. Nakaa na wanangu mpaka yale majina ya mwisho yaishe kupita."

Yule kaka akatoa kichwa dirishani. "Hazikuonekana!"